Wakuu, kumbe DAGAA ni kifupisho? Mzee wa Mwaloni ameniapia

#1 Mwanamwaloni
Wakuu, mwangaluka.

Jana alfajiri nilikuwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kufuata mzigo wa mama watoto. Pembeni nikaona mtumbwi umevutwa mchangani, mbao zimepakwa bluu mbichi, na ubavuni maandishi meupe: D.A.G.A.A. Nukta kila baada ya herufi, vile vile tunavyoandika majina ya maofisi. Mwenye chombo, mzee wa makamo, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wavu kaunasa kwenye kidole gumba cha mguu, sindano mkononi, anaziba matundu. Nikamuuliza hizo nukta za nini. Hakuinua hata macho:

"Hilo si jina, hicho ni kifupisho. Dogo Akivuliwa Gizani, Anaanikwa Asubuhi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Anasema ndiyo asili ya neno, aliambiwa na baba yake, na baba yake kavua tangu enzi za karabai. Nilivyozidi kubisha akaniuliza, "Wewe unavua?" Nikanyamaza.

Sasa wajuzi: kuna ukweli hapo? Na kama ni chai, mnayajua maneno mengine ya hivi, ambayo kirefu chake kinalieleza neno lenyewe? Nawasilisha.

#2 KambareMkavu
Siti ya mbele. Nasubiri wajuzi.

#3 Mama Chapati Igoma
Ukweli sijui ila huyo mzee ana akili. Dagaa kweli anavuliwa gizani na anaanikwa asubuhi. Mbalamwezi ikiwaka hakuna kazi, taa haivuti kitu, wavuvi wanalala. Sisi wauzaji tunajua kabisa kwamba siku za mwezi mpevu bei inapanda.

#4 Ticha wa Butimba
Mleta uzi, hiyo ni chai, tena ya rangi. Neno dagaa lipo pwani na lipo Kigoma, na samaki wenyewe si wamoja. Dagaa wa kwetu ziwani kitaalamu ni Rastrineobola argentea. Wa Kigoma ni wengine kabisa, na wa baharini ni wengine tena. Neno moja limebeba vidagaa vya maji matatu tofauti, halafu mzee mmoja wa Kirumba aseme lilizaliwa kwenye mtumbwi wake?

Alichofanya mzee ni kulichukua neno lililopo akalibandikia kirefu. Waingereza wana jina la mchezo huo, bakronimu, neno lililoibuka Marekani mwaka 1983. Kwa Kiswahili naweza kuuita kirefu cha kubandika.

#5 Mpemba wa Chake
Ticha umenena. Kwetu dagaa lipo tangu mababu, wala hatujui Kirumba iko wapi.

#6 Mwanamwaloni
#4 nimekuelewa, ila mzee atasema pwani ndio walichukua kutoka kwake 😂

Haya, kwa kuwa ni kubandika, tubandike. Sharti moja: kirefu kiseme kitu cha kweli kuhusu neno. Mfano neno ni mbu usituletee "Mama Bado Unalala".

#7 DadaUkerewe
MBU: Mnyonyaji Bila Ubinadamu.

#8 KambareMkavu
#7 uzi ungefungwa hapo hapo. Mbu ubinadamu ataupata wapi lakini?

#9 DadaUkerewe
Ndiyo maana nikasema hana.

#10 JiweLaKamanga
DENI: Dukani Epuka Njia Ile.

Hii naiishi. Kuna duka kutoka kwangu ni hatua thelathini, mimi huzunguka kwa nyuma kupitia kwenye mawe. Wiki iliyopita nimekutana na mwenye duka huko huko kwenye mawe. Naye kumbe alikuwa anamkwepa mtu wa jumla.

#11 Mama Chapati Igoma
#10 nimecheka mpaka unga umemwagika. Kumbe ndio ninyi.

#12 Mkurya Mpole
NDOA: Nilidhani Dansi, Ona Ada.

Watoto watatu, Januari.

#13 DadaUkerewe
#12 na sisi tunayo yetu. MUME: Mwezi Umeisha, Mfuko, Eleza!

#14 Mkurya Mpole
Mods huyu dada afungiwe.

#15 Mzee Karabai
Vijana, shikamoo mnipe mimi, lakini mchezo huu mnaoucheza si mpya. Wa zamani wenzangu watakumbuka FFU. Jina la Kiswahili la kile kikosi ni Kikosi cha Kutuliza Ghasia, herufi zile ni za Kiingereza, Field Force Unit. Lakini mtaani kila mtoto alijua ni Fanya Fujo Uone. Hakuna aliyefundishwa darasani. Kirefu cha mtaani kilieleza kazi ya kikosi vizuri kuliko cha serikali.

Na walimu wa UPE, ule mpango wa elimu kwa wote wa miaka ya 70, mtaani wakaitwa Ualimu Pasipo Elimu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Iliuma, lakini ilikuwa na ukweli kidogo, tulipelekwa darasani haraka haraka.

Kuna kingine kizito zaidi. Ugonjwa ulipoingia Kagera, wagonjwa wa kwanza kutambuliwa mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani. Baadaye yakaja mabango yenye AIDS. Vijana wa baa wakazisoma herufi nne zile hivi: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Tulicheka sana. Waliokuwa wakicheka meza ile nikiwahesabu leo, tumebaki wawili.

#16 KambareMkavu
Marahaba... samahani, shikamoo Mzee Karabai. #15 umenipiga ganzi.

#17 Ticha wa Butimba
Shikamoo mzee. Nakazia hapo kwa Mzee Karabai, maana pana jambo. UKIMWI si mchezo wa herufi za mwanzo tu. Ni Upungufu wa KInga MWIlini. Waliounda walichukua silabi, si herufi, likatoka neno linalotamkika kama la kwetu, lina u- mbele kama utoto na uzee.

Na ndiyo tabia ya Kiswahili. Mwingereza anachukua herufi, sisi tunachukua silabi ili neno liishie na irabu. BAKITA, la mwaka 1967: BAraza la KIswahili la TAifa. Lile "la" linarukwa. UMITASHUMTA, wenzangu mliosimamia watoto hapa Butimba mnaijua: Umoja wa MIchezo na TAaluma SHUle za Msingi TAnzania. Mtoto wa darasa la tatu analitamka bila kujikwaa. Mpe Mwingereza.

Kwa hiyo mzee wa mtumbwi kacheza Kizungu. Angecheza Kiswahili angesema DA-GA-A.

#18 Kijana wa Malimbe
#17 basi hii hapa ya silabi. DA-GA-A: DAu, GAloni, Alfajiri. Chombo, mafuta, muda wa kurudi. Nimemaliza uvuvi wote.

#19 Mpemba wa Chake
Dau? Dau Mwanza? Dau liko kwetu, nyie mna mitumbwi. Musituibie dagaa na dau siku moja.

#20 Kijana wa Malimbe
Mkuu nitakurudishia dau, dagaa tumekataa.

#21 Sauti ya Sengerema
SA-TO: SAhani TOsha. Kwa herufi: Supu Asubuhi, Tumbo Oyee.

#22 Mama Chapati Igoma
#21 ya herufi tamu zaidi. Naandika kwenye ubao wa mgahawa kesho. Mrabaha njoo unywe supu moja.

#23 JaKisumu
Hamjambo majirani. Huku kwetu Kisumu huyo dagaa wenu ni omena. Kirefu: Ona! Macho Elfu, Nani Ataanza?

Kila aliyesoma bweni Kenya ameshawahi kutazamwa na sahani.

#24 DadaUkerewe
😂😂 #23 karibu sana. Hii ndiyo bora mpaka sasa. Mzee wa Kirumba atafute kazi nyingine.

#25 Ng'wanaKisesa
Mwadila wote. Naona Ticha anasema tabia hii ni ya silabi na maofisi, Mzee Karabai anasema ni ya mtaani. Mimi nasema ni ya ngoma. Sisi Wasukuma tuna Bagika na Bagalu, jamii mbili za wachezaji, moja ya Ngika na moja ya Gumha. Zinacheza uwanja mmoja saa moja, na watazamaji wanahamia kwa anayewavuta. Mtunzi anamsema mpinzani kwa jina lake mwenyewe, analigeuza, analipa maana ya aibu. Nenda Bujora wakati wa Bulabo, Juni, usikilize. Kulipa jina maana mpya ili lishike ni kazi ya zamani kuliko shule.

#26 Ticha wa Butimba
#25 kugeuza jina nakubali. Lakini mtunzi wa Bagalu hakuwa na haja ya herufi, alikuwa na sikio. Kirefu kinahitaji mtu aliyeiona alfabeti. Huu mchezo umetoka kwenye daftari.

#27 Mkurya Mpole
Daftari kweli. Nani hakuandika nyuma ya daftari FAMILY ni Father And Mother I Love You? Na NEWS ni North East West South? Mwalimu wangu alitufundisha hiyo ya pili kama jambo la mtihani. Kwamba habari zinatoka pande zote nne za dunia.

#28 Ticha wa Butimba
Na ni uongo. News limetokana na new, jipya, basi. Dira imejipachika baadaye. Walimu wenzangu wamelifundisha, na mimi nimelifundisha miaka miwili kabla ya kusahihishwa na mwanafunzi. Tuendelee.

#29 KambareMkavu
Ticha kakiri! Weka tarehe.

#30 Nahodha Mstaafu
Nimefanya kazi melini ziwa hili. Ongezeni SOS. Abiria wote wanajua ni Save Our Souls, tuokoeni. Si kweli. Herufi zile zilikubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa Berlin mwaka 1906 kwa sababu ya mlio wake: nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu. Huwezi kuuchanganya na kingine hata kwenye kelele. Hazikuwa na kirefu chochote. Kirefu watu walibandika baadaye, kikakaa vizuri kuliko vyote mlivyoleta hapa.

#31 JiweLaKamanga
Nahodha, basi nisaidie hili. Mimi utoto wangu wote pale Kamanga naangalia meli, MV Victoria, MV Butiama, MV Clarias. Nilijua MV ni Meli ya Victoria, kwa maana ya ziwa. Nilibishana na mtu mpaka tukashikana mashati.

#32 Nahodha Mstaafu
MV ni Motor Vessel, chombo cha injini. Kama ingekuwa Meli ya Victoria, MV Liemba ingefanya nini Ziwa Tanganyika? Na MV Victoria ingekuwa Meli ya Victoria Victoria. Siku hizi yenyewe inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, jina limekuwa refu kuliko gati.

Na Clarias ni jina la kitaalamu la kambare. KambareMkavu una meli na hujui.

#33 KambareMkavu
Naomba nauli ya kwenda kuikagua mali yangu.

#34 [ujumbe umefutwa na mwandishi]

#35 Sauti ya Sengerema
#34 ndugu, MV Bukoba tuiache. 21 Mei 1996 mimi nilikuwa darasa la tano, mjomba wangu alikuwa ndani. Kirefu cha utani hapo hakuna.

#36 Kijana wa Malimbe
Nimefuta. Samahani sana mkuu, sikufikiri.

#37 Sauti ya Sengerema
Wabeja. Yameisha. Lete nyingine.

#38 DadaUkerewe
Turudi kwa samaki. SANGARA: Samaki Asiyeshiba: Nduguze Ghafla Akawala, Robo Akabakiza.

#39 Mtaalamu wa Furu
Nzuri lakini na makosa. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na waliokwisha kwa wingi ni furu. Sasa furu si ndugu wa sangara. Furu yuko ukoo mmoja na sato. Na hiyo robo nani aliipima?

#40 DadaUkerewe
Herufi ni R, ulitaka niweke nini, Rumbesa?

#41 Nahodha Mstaafu
Mtaalamu wa Furu, subiri kidogo. Sangara anakula sangara wadogo. Pasua tumbo la mkubwa uone. Kwa hiyo nduguze amewala vile vile. Dada kashinda kwa mlango wa nyuma.

#42 Mtaalamu wa Furu
...Nimekubali hiyo ya nduguze. Robo bado.

Ngoja nijikomboe. KAMONGO: Kiangazi Ajizika Matopeni, Ondokeni, Ngojeni Gharika, Oneni! Ana mapafu yule, anapumua hewa kama sisi, kinamasi kikikauka anajichimbia anangoja mvua.

#43 Mwanamwaloni
#42 herufi saba na zote zina kazi. Hii nakupa ya kwanza, samahani JaKisumu.

#44 JaKisumu
Kamongo mmepata wapi, hilo si neno la Kijaluo? Ninyi mnachukua tu 😄

#45 Mpemba wa Chake
Nilisema mimi. Wezi.

#46 Mkurya Mpole
Turudi mjini. KONDA: Kumejaa? Ongezeni! Nafasi Daima Anaiona.

BODA: Barabara Ovyo, Dereva Anajua.

#47 Mama Chapati Igoma
Hiyo ya konda ndiyo hais ya Buhongwa saa kumi na mbili jioni. Jana nimekaa robo kiti, begi la mtu mapajani, kuku wa mtu miguuni, na yeye bado anaita "mmoja wa mbele, mmoja!" Mbele wapi?

#48 Ng'wanaKisesa
MVUVI: Mchana Vijiweni, Usiku Vilindini, Imani.

#49 Mzee Karabai
Hiyo "Imani" mwishoni umeiweka kwa kukosa neno la I au umekusudia?

#50 Ng'wanaKisesa
Nilianza kwa kukosa neno, mzee. Baadaye nikaiangalia nikaiacha.

#51 Kijana wa Malimbe
Wa kompyuta tunayo aina yetu. GNU, ile programu ya mwaka 1983, kirefu chake ni GNU's Not Unix. Yaani kirefu kinaanza na kifupisho chenyewe, ukikifungua unakikuta tena ndani, haliishi. Nimejaribu ya kwetu. UZI: Uzi Zungusha, Itaeleweka.

#52 KambareMkavu
Na chuo chenu, SAUT, ni sauti iliyomezwa I. Tangu 1998 hawajairudisha.

#53 Kijana wa Malimbe
I tumeiazima kwa Ng'wanaKisesa, ndiyo Imani yake.

#54 Mtaalamu wa Furu
Swali kwa Ticha. Herufi C. Kiswahili hakina C peke yake, kuna CH. Sasa mbona tunaandika CCM na si CHCHM? Na CHANETA, Chama cha Netiboli, wameweka CH. Neno likianza na ch, kwenye mchezo huu tunahesabu moja au mbili?

#55 Ticha wa Butimba
Swali zuri. Kwa sauti ni moja. Kwa macho ni mbili. Vifupisho vinavyosomwa herufi moja moja, kama CCM na KKKT, vinafuata macho ya Kizungu. Vinavyosomwa kama neno, CHANETA, vinafuata sikio. Sina jibu la mchezo, chagueni.

#56 Mkurya Mpole
CCM nayo ina kirefu cha mtaani lakini naona mod ameingia.

#57 Mod
Nipo. Siasa kule. Hapa samaki.

#58 Mkurya Mpole
Nilikuwa nasema Chakula Cha Mchana, mkuu.

#59 Ticha wa Butimba
Ambacho kwa kufupisha kwa silabi ni chamcha. CHAkula cha MCHAna. Na cha jioni ni chajio. Maneno ya kamusini hayo, japo sijamsikia mtu Mwanza akiagiza chajio.

#60 Mama Chapati Igoma
Mteja akiniambia chamcha nitadhani anaita mtoto.

#61 JiweLaKamanga
Wakuu mnaisahau kubwa kuliko zote. TANZANIA. Tan ya Tanganyika, Zan ya Zanzibar, sawa. Hiyo -ia?

#62 KambareMkavu
Ni ya kupendezesha tu. Zambia wamepata uhuru Oktoba 1964, nasi jina letu limeanza kutumika Oktoba hiyo hiyo. Mtindo wa wakati ule.

#63 Nahodha Mstaafu
Hapana. Mohammed Iqbal Dar, aliyeshiriki shindano la kutafuta jina, alisimulia mwenyewe: i ni ya Iqbal, a ni ya Ahmadiyya, jumuiya yake ya dini.

#64 Mpemba wa Chake
Kwetu tulidhani -ia ni nusu ya kutupooza kwa kuwekwa wa pili.

#65 Ticha wa Butimba
#62 na #63 zinaweza kuwa kweli zote. Mtu anaweza kuona -ia inapendeza masikioni, halafu akafurahi kukuta jina lake limo. Ndivyo mzee wa mtumbwi alivyofanya.

#66 Mzee Karabai
Au jina lake ndilo lililomfanya aione inapendeza. Ticha unafunga mlango mapema.

#67 Sauti ya Sengerema
MWANZA: Mawe! Wewe Angalia Nyumba Zinavyoning'inia Angani.

Kwa mliowahi kupanda Bugando au Mabatini kwa miguu na ndoo ya maji.

#68 DadaUkerewe
Nimepanda. Na ndoo. Na mtoto mgongoni. Hiyo "Wewe" ndiyo yenyewe, huwa unaambiwa na mtu aliye chini.

#69 Ng'wanaKisesa
Mwanza lenyewe wazee wanasema ni Nyanza iliyotamkwa na wageni. Yaani ziwa. Sasa kirefu chako kinaeleza mawe na si ziwa. Sharti la #6 limevunjwa.

#70 Sauti ya Sengerema
Mgeni akishuka Mwanza anaona nini kwanza?

#71 Ng'wanaKisesa
Siku hizi akitokea Sengerema anaona daraja. Kilomita tatu juu ya maji, Kigongo mpaka Busisi.

#72 Sauti ya Sengerema
Hapo umenigusa. Mimi pantoni nilikuwa nakula samaki choma nikisubiri zamu. Sasa napita dakika chache, njaa ile ile.

#73 JiweLaKamanga
MAGUGU: Maua Asubuhi, Gati Usiku Gumu, Utakwama.

#74 KambareMkavu
#73 umelazimisha. "Gati Usiku Gumu" ni Kiswahili cha nani?

#75 JiweLaKamanga
Cha magugu maji yaliyoziba gati usiku. Jaribu wewe, G mbili na U mbili.

#76 KambareMkavu
Nimejaribu dakika ishirini. Nimekwama. Kirefu chako ni sahihi.

#77 Mwanamwaloni
Wakuu, mrejesho. Leo nimerudi Mwaloni makusudi. Mzee hakuwepo, nikamkuta kijana aliyepaka ile rangi. Nikamweleza uzi wote. Akacheka mpaka akakaa chini. Anasema mzee alimwambia aandike DAGAA, basi. Zile nukta ni vichwa vya misumari ya ubao. Vilikuwa vinaanza kutoa kutu, akavidondoshea rangi nyeupe kila kimoja, na herufi akazipanga katikati ya misumari ili zienee. Nikainama nikapapasa. Kweli, chini ya rangi kuna msumari. Nukta nne, na ya tano, baada ya A ya mwisho, iko chini kidogo ya mstari, ubao wake umepinda.

#78 Ticha wa Butimba
Kesi imefungwa. Wabeja Mwanamwaloni.

#79 Mzee Karabai
Haijafungwa. Mzee aliona misumari, akaona nukta, akatafuta kirefu? Au alikuwa na kirefu tangu zamani na misumari ikamkuta nacho?

#80 DadaUkerewe
Au kijana wa rangi ndiye anayeficha.

#81 Mwanamwaloni
Subirini, sijamaliza. Wakati naondoka mzee akafika. Nikamwambia, mzee, nimeambiwa zile nukta ni misumari. Akaweka ndoo chini, akauangalia mtumbwi, akaniangalia mimi. "Na misumari unadhani ilipangwa na nani?" Kumbe mtumbwi aliuchonga yeye.

#82 KambareMkavu
😂😂😂 Ticha fungua kesi.

#83 Ticha wa Butimba
Hakuna fundi anayepanga misumari kwa tahajia.

#84 Nahodha Mstaafu
Ticha, umeshawahi kuchonga mtumbwi?

#85 MgeniWaLeo
Sijasoma michango yote, najibu #1. Ndiyo, dagaa ni kifupisho, hata babu yangu alisema. Ila kirefu chake ni kingine, nikikikumbuka nitarudi.